Karani, Daftari na Mlango wa Nyumba

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ni ya watu wa biashara, watu waliojua kwamba kumbukumbu ya kichwani hufa na mwenyewe. Haisemi, hata hivyo, daftari liandikwe na nani, wala kama lililoandikwa linamtambua kila alalaye ndani ya nyumba. Kwa karne kadhaa pengo hilo lilizibwa Uingereza na mtu ambaye historia haikumpa nafasi kubwa, naye ni karani wa ofisi ya wakili. Sheria ya nyumba za kuishi ilikaa vidoleni mwake kabla ya kukaa vitabuni, na alivyojifunza kunafaa kukumbukwa na kila mwenye kununua nyumba leo, awe London, Leicester au Mombasa.

Tangu mwaka 1677 Bunge la Uingereza liliamuru kwamba haki katika ardhi ithibitishwe kwa maandishi. Nusu karne baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1720, sheria nyingine ilimtaka kila atakaye uwakili wa ngazi ile kwanza awe mwanagenzi kwa miaka 5 chini ya wakili aliyekwisha kukubaliwa. Mkataba wa uanagenzi ulitozwa ushuru wa stempu, wakili alilipwa ada na mzazi wa kijana, na kijana mara nyingi hakupata mshahara. Mtihani haukuwepo mpaka mwaka 1836. Kabla ya hapo, ujuzi wote ulipatikana kwa kukaa mezani, kutazama na kunakili.

Kunakili ndiko kulikokuwa darasa. Karani mgeni alipewa hati ya zamani, akaambiwa aiandike upya kwa mwandiko safi juu ya ngozi. Siku za mwanzo aliandika asichokielewa. Baada ya miezi, mkono wake ulianza kutambua kwamba kila hati ya mauzo ina mwendo wake: majina ya wahusika, historia fupi ya jinsi muuzaji alivyoipata nyumba, bei, maneno yenyewe ya kuhamisha miliki, mipaka ya kiwanja, kisha masharti. Neno moja likikosekana mahali pake, mkono ulisita kabla ya akili kujua sababu. Ulikuwa ujuzi wa fundi, kama wa seremala ajuaye kwa kupapasa kwamba mbao haijakauka.

Somo la pili lilikuwa kufuata nyayo za miliki. Daftari la pamoja la nchi halikuwepo, basi ushahidi kwamba muuzaji ndiye mwenye nyumba ulikuwa rundo la hati lililofungwa kwa utepe na kuwekwa sandukuni. Wakili wa muuzaji alitayarisha muhtasari wa hati hizo. Karani wa mnunuzi aliulinganisha na hati zenyewe, moja baada ya moja, kisha akaandika maswali. Je, rehani ya fulani ilikwisha kulipwa? Je, mjane aliyetajwa katika wosia bado yu hai? Je, jirani ana haki ya kupita uani? Desturi ilitaka karani arudi nyuma miaka 60. Mwaka 1874 sheria ilipunguza muda huo kuwa miaka 40, mwaka 1925 ukawa 30, na mwaka 1969 ukawa 15. Tarakimu hizi zinaonyesha jinsi taifa lilivyopunguza taratibu hofu yake juu ya yaliyopita.

Hofu ile ilikuwa na soko lake. Mwaka 1804, Serikali ya William Pitt ilipoongeza ushuru wa wanasheria, iliwapa fidia: kuanzia hapo hati za kuhamisha ardhi kwa malipo zisiandikwe na mtu mwingine ila wao. Tena ujira wa kuandika hati ulihesabiwa kwa urefu, kila maneno 72 yakiwa kipimo kimoja. Si ajabu basi kwamba hati zilirefuka. Karani alifundishwa kuandika maneno matatu palipotosha moja, na mnunuzi akalipia yote matatu. Sheria za mwaka 1881 ndizo zilizoanza kurekebisha jambo hilo. Moja ilifungua njia ya kulipa kwa kuangalia thamani ya nyumba, na nyingine ikaingiza ndani ya sheria yenyewe maneno yaliyokuwa yakirudiwarudiwa katika kila hati. Mara hati zikafupika.

Makarani nao hawakuwa wa aina moja. Yule mwenye mkataba wa uanagenzi alipita tu akielekea uwakili. Mwingine, mtoto wa familia isiyo na ada ya kulipa, aliingia akiwa tarishi, akapanda mpaka kuwa karani mkuu, na humo akazeeka. Charles Dickens aliingia ofisi ya namna hiyo mwaka 1827 akiwa na umri wa miaka 15, akatoka upesi. Wengi hawakutoka. Hao ndio waliojua kila rundo la hati lilipo, na wanagenzi wenye mkataba walijifunza kwao zaidi kuliko kwa wakili ambaye jina lake lilikuwa mlangoni. Makarani wakuu waliunda chama chao mwaka 1892. Ilipofika mwaka 1963 chama hicho kiliwekwa juu ya msingi mpya, kikawa taasisi yenye mitihani na cheo kinachotambulika. Wanawake walisubiri mlango mwingine kabisa: hawakuruhusiwa kuwa mawakili mpaka sheria ya mwaka 1919, na wa kwanza wao, Carrie Morrison, alikubaliwa mwaka 1922. Haki ya mawakili iliyotolewa mwaka 1804 ilivunjwa na sheria ya mwaka 1985, iliyoleta wahamishaji miliki wenye leseni yao wenyewe. Ujuzi uliokuwa wa karani asiye na jina ukapata jina.

Wakati huohuo jambo kubwa zaidi lilikuwa likiendelea. Mwaka 1858, huko Australia Kusini, Robert Torrens alipata sheria ya kusajili miliki yenyewe badala ya kuhifadhi hati. Hakuwa mwanasheria. Alikuwa amefanya kazi ya forodha, na aliona kwamba meli, iliyo na thamani kubwa na wenye hisa wengi, huuzwa kwa kubadili jina katika daftari. Kwa nini nyumba isiuzwe hivyo? Uingereza ilijaribu daftari lake mwaka 1862, lakini kwa hiari, na wachache tu ndio waliojiandikisha. Mwaka 1897 Bunge lilitaka kulazimisha, na mawakili wengi wakapinga, kwani rundo la hati lilikuwa mkate wao. Ikaafikiwa kwamba ulazima uanze na London. Sheria kubwa za mwaka 1925 zilisafisha uwanja: haki nyingi za kale juu ya ardhi zilipunguzwa, zikabaki miliki kamili isiyo na kikomo na upangaji wa muda maalumu kuwa ndizo pekee ziwezazo kusimama kama miliki ya kisheria. Hata hivyo usajili wa lazima haukuenea Uingereza yote na Wales mpaka tarehe 1 Desemba 1990. Siku mbili baadaye daftari likafunguliwa kwa umma. Kabla ya hapo, jirani hakuweza kusoma ukurasa wa nyumba ya jirani bila idhini ya mwenyewe.

Ingedhaniwa kwamba hapo kazi ya karani ilikwisha, maana jina liko daftarini na Serikali inalithibitisha. Waandishi wa sheria ya mwaka 1925 walijua si hivyo. Waliacha ndani yake kifungu kimoja kinachosema kwamba haki ya mtu anayeikalia nyumba kwa kweli humfunga mnunuzi hata kama haikuandikwa, isipokuwa mtu huyo ameulizwa naye akaificha. Kwa maneno mengine, baada ya kusoma daftari karani alipaswa kwenda kubisha hodi.

Kwa miaka mingi wengi hawakubisha. Kesi ya benki ya Williams & Glyn's dhidi ya Boland, iliyoamuliwa na Baraza la Malodi mwaka 1980, iliwaamsha. Nyumba ilisajiliwa kwa jina la mume peke yake. Mke alikuwa amechangia fedha za kuinunua, naye aliishi humo. Mume aliiweka rehani kwa ajili ya biashara yake, na benki ikatoa mkopo bila kumwuliza mke neno. Deni liliposhindikana, benki iliitaka nyumba. Malodi waliamua kwamba mke alikuwa na haki yake mwenyewe, aliikalia nyumba, wala hakuulizwa, kwa hiyo benki haikuweza kumtoa. Tangu hapo karani yeyote wa nyumba huandika swali jipya katika orodha yake: ni nani mtu mzima anayeishi humu, na je, ametia sahihi?

Somo hilo lina upande wake mchungu. Mwaka 1987, katika kesi ya Flegg, wazazi walikuwa wamechangia zaidi ya nusu ya bei ya nyumba waliyokusudia kuishi na binti yao na mkwe wao. Majina ya vijana wawili ndiyo yaliyosajiliwa. Vijana waliiweka rehani bila wazazi kujua, wakafilisika. Wazazi waliishi humo kama mke wa Boland, lakini walishindwa. Sheria ilisema kwamba mkopeshaji akilipa fedha kwa wadhamini wawili, haki za waliochanga huondoka juu ya nyumba na kuhamia juu ya zile fedha, na fedha zilikuwa zimekwisha. Tofauti baina ya kesi hizi mbili ni jina moja la ziada daftarini. Karani asiyejua tofauti hiyo hana la kumwambia mzee anayeuza nyumba yake ili akaishi na mwanawe.

Mwambao wa Afrika ya Mashariki ulikutana na daftari la namna hii mapema kuliko miji mingi ya Uingereza. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyotumika katika mwambao wa Kenya ya leo, ilimtaka kila mwenye madai ya ardhi ayafikishe mbele ya msajili. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Waliokuwa na hati, na habari, na uwezo wa kufika, walifika. Wengi katika Wamijikenda, na wengi waliokuwa watumwa wakalima mashamba kwa vizazi, hawakuandikwa. Hapa daftari lilimngoja mtu aje, wala hakuna aliyekwenda kubisha mlango wa aliyekuwa akiishi pale. Wajukuu wao wakaitwa maskwota juu ya ardhi walimozikwa babu zao, na madai yao hayajakwisha mpaka leo.

Ndiyo maana elimu ya karani wa zamani haijapitwa na wakati, ingawa ngozi na utepe vimekwenda na ukurasa wa nyumba sasa husomwa kwenye kompyuta. Ndugu watatu wanapochanga fedha ughaibuni, na jina la mmoja tu likaandikwa kwa kuwa ndiye mwenye mshahara unaokubaliwa na benki, sheria haioni undugu wao mpaka mtu aulize. Swali hilo lina mahali pake na wakati wake: kabla ya sahihi, mbele ya watu wote, na jibu lake liandikwe. Wahenga walisema kweli kuhusu daftari. Waliobisha hodi walijifunza sehemu iliyobaki, kwamba daftari nalo huweza kupoteza mali ya mtu, bila habari, akiwa amelala ndani ya nyumba yake.