Alipotoka kwenye Bendi, Alipiga Vyombo Vyote Peke Yake



Leo nina habari ya mtu mmoja na albamu yake moja. Najua wengine mtashangaa: mchungaji anasikiliza roki? Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba gita likipiga kelele, shetani hayuko mbali. Nivumilie usome mpaka mwisho, kwa maana nina jambo la kutubu mbele yenu.

Phil Keaggy alizaliwa mwaka 1951 huko Youngstown, mji wa viwanda vya chuma katika jimbo la Ohio, Marekani. Alipokuwa na miaka minne, ajali ya pampu ya maji ilimkata kidole cha kati cha mkono wa kulia. Ungemwona mtoto yule siku ile, ungesema kazi ya mikono haitamfaa. Lakini Mungu huwa haanzi kwa kuhesabu vidole.

Mwaka 1968 yeye na wenzake wakaanzisha bendi ya Glass Harp. Walikuja kujulikana wakiwa vijana watatu tu: Phil kwenye gita, John Sferra kwenye ngoma, Daniel Pecchio kwenye besi. Kati ya 1970 na 1972 walitoa albamu tatu na kampuni ya Decca. Ile ya kwanza waliirekodi katika studio ya Jimi Hendrix huko New York. Novemba 1971 walipanda jukwaa la Carnegie Hall kuwatangulia The Kinks, na wimbo mmoja waliucheza karibu nusu saa. Phil alikuwa na miaka 20.

Lakini ndani yake palikuwa pameshatokea jambo. Mwaka 1970 mamake alifariki baada ya ajali ya gari. Kijana huyu alikuwa ameshaonja dawa za kulevya, na katika msiba ule dada yake akamshuhudia habari za Yesu. Akaokoka. Akaendelea na bendi kwa muda, lakini moyo wake ulikuwa umeanza kuelekea kwingine. Mwaka 1972 akaaga.

Mpendwa, fikiri kidogo. Albamu tatu, kampuni kubwa, Carnegie Hall, kisha mtu anasema, "Ninaondoka." Wangapi walimwelewa?

Mwaka 1973 ikatoka albamu yake ya kwanza nje ya kundi, inayoitwa What a Day. Vyombo vyote alipiga mwenyewe: gita, besi, ngoma, na sauti juu yake.

Wiki hii nimeisikiliza mara tatu. Nilitarajia mtu anayeonyesha ulimwengu kwamba anaweza bila wenzake. Sikumkuta. Nyimbo nyingi ni za upole. Gita lipo, na linapigwa kwa ustadi, lakini limekubali kutembea nyuma ya maneno. Nilimsikia mtu anayemshukuru Mungu, wala sikumsikia mtu anayewajibu waliomsema. Na baada ya albamu ile hakukimbilia majukwaa makubwa zaidi. Alikwenda kuishi na jamii ya waamini huko Freeville, New York, na albamu yake ya pili ilikuja mwaka 1976.

Tena kuna uvumi uliomfuata miaka mingi, kwamba Hendrix alimtaja kuwa mpiga gita bora kuliko wote. Keaggy mwenyewe ameukana mara nyingi. Sifa inakuja mlangoni bure, na mtu anairudisha kwa sababu si kweli. Je, wewe ungeirudisha?

Sasa toba yangu.

Miaka mitatu iliyopita kijana wetu mmoja wa gita alikuja ofisini. Akaniambia ana mzigo wa kuwaimbia vijana wasiokanyaga kanisani, kwa hiyo anatoka kwenye kikundi cha sifa. Sikumuuliza swali hata moja. Nilimwambia anatoka chini ya kifuniko, na Jumapili iliyofuata nikahubiri habari za Absalomu. Sikumtaja jina. Haikuhitajika, kila mtu alimwangalia.

Wiki iliyopita alinitumia nyimbo zake kwa simu, na ujumbe: "Bwana asifiwe, Mchungaji. Nimemaliza. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kusikia." Nilikaa siku tatu bila kuzifungua. Niliogopa kukuta ni nzuri.

Soma Matendo 15, kuanzia mstari wa 36. Paulo na Barnaba walitofautiana vikali kwa ajili ya Marko, kila mmoja akashika njia yake. Kisha soma 2 Timotheo 4:11 uone Paulo mzee, akiwa kifungoni, anamwita nani aletwe kwake. Ni Marko yule yule. Paulo hakuona haya kubadilisha neno lake.

Glass Harp nao walirudiana. Mwaka 2000 wale watatu walisimama tena jukwaani Youngstown, safari hii na okestra, na mwaka uliofuata tamasha hilo likatoka kama albamu. Aliyeaga mwaka 1972 alikuwa bado ana nafasi yake.

Sisemi kila anayetoka ametumwa na Mungu. Wapo wanaotoka kwa kiburi, na matunda huonekana. Lakini matunda hayaonekani siku ya kuaga, na mimi nilihukumu siku ile ile.

Wewe uliyetoka mahali, usitumie kipawa chako kuwajibu uliowaacha. Na wewe uliyeachwa, kabla hujahubiri habari za Absalomu, kaa usikilize.

Jana usiku nilizifungua zile nyimbo. Nilisikiliza zote, kisha nikampigia simu. Jumapili hii atakuwa nasi, na nitasema mbele ya kanisa lile lile nililolisemesha vibaya.

Nani aliondoka kwako, na hujawahi kumsikiliza? Mpigie leo.