Nikishajua, nifanye nini?

Nilipotea kidogo, majaribio yalitubana wiki mbili mfululizo, halafu boom nalo likachelewa, hosteli nzima tukawa tunaishi kwa chipsi za kukopa. Nimerudi. Leo sina umbeya wa kampasi, nina historia.

Wiki iliyopita kwenye semina tulikuwa tunajadili Ukimwi Afrika. Jamaa mmoja (tunasoma naye ualimu, kesho na keshokutwa atawafundisha wadogo zenu) akasema miaka ile watu walikufa kwa wingi kwa sababu walikuwa waoga wa kupima. Darasa likaitikia. Mimi nilinyamaza ila iliniuma, maana baba yangu mdogo ni mmoja wa hao "waoga". Alifariki mwaka 2000 kabla sijazaliwa, namjua kwa picha tu. Bibi anasema walimbembeleza sana akapime, naye jibu lake lilikuwa moja tu: nikishajua, nifanye nini?

Basi nikaingia maktaba.

Kumbe dawa zilikuwepo. Mwaka 1996, kwenye mkutano wa kimataifa wa Ukimwi kule Vancouver, Kanada, ilionyeshwa wazi kuwa dawa tatu zikimezwa pamoja zinawainua wagonjwa waliokwisha kukatiwa tamaa. Marekani na Ulaya vifo vikaanza kushuka. Bei sasa! Kati ya dola 10,000 na 15,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Pato la wastani la Mtanzania wakati huo halikufika hata dola 500 kwa mwaka. Yaani baba mdogo angefanya kazi miaka 20 bila kula ili ameze dawa za mwaka mmoja. Swali lake lilikuwa na akili kuliko jibu la semina yetu.

Na kidonge chenyewe hakikuwa ghali hivyo kukitengeneza. Kilichokuwa kinalipiwa hasa ni hataza, ile haki ya kampuni kuuza dawa yake peke yake bila mshindani. Sasa India walikuwa na sheria ya mwaka 1970 iliyolinda njia ya kutengeneza dawa, sio dawa yenyewe. Ukipata njia yako nyingine, ruksa. Februari 2001 Yusuf Hamied, mkuu wa kampuni ya Cipla ya Mumbai, akatangaza kuwauzia Madaktari Wasio na Mipaka dawa zote tatu kwa dola 350 kwa mwaka, na serikali kwa dola 600. Hiyo 350 ni chini ya dola moja kwa siku! Cipla pia wakazichanganya tatu kwenye kidonge kimoja, Triomune, unameza asubuhi na usiku basi. Makampuni ya Magharibi isingekuwa rahisi kufanya hivyo, kwa sababu kila dawa ilikuwa na mwenyewe.

Wakati huohuo makampuni 39 ya dawa yalikuwa mahakamani Pretoria yakiishtaki serikali ya Afrika Kusini, jina la Mandela likiwa kwenye mashtaka, kisa sheria ya 1997 iliyoruhusu kutafuta dawa za bei nafuu. Wagonjwa wenyewe, chini ya kundi la TAC, wakaingia barabarani. Kiongozi wao Zackie Achmat alikuwa na virusi na aligoma kumeza ARV mpaka wasio na uwezo nao wazipate. Tarehe 19 Aprili 2001 makampuni yakaifuta kesi. (Msidhani serikali ile ilikuwa malaika. Mwaka uliofuata TAC ilibidi waishinde mahakamani ndipo itoe nevirapine kwa wajawazito.)

Bei ikashuka, kisingizio kikahama. Juni 2001 Andrew Natsios, mkuu wa USAID wakati huo, alisema Waafrika wengi hawajui saa za Kimagharibi, kwa hiyo hawataweza kumeza dawa kwa wakati. Jamani! Nilicheka peke yangu maktaba, kicheko cha hasira. Mwaka 2006 watafiti walijumlisha tafiti nyingi wakakuta wanaomeza dawa ipasavyo ni asilimia 77 Afrika kusini mwa Sahara, na asilimia 55 Amerika ya Kaskazini.

Shangazi yangu ni mmoja wa hao 77. Tanzania ilianza kutoa ARV bure Oktoba 2004, yeye akapima na kuanza 2005. Ndugu yuleyule wa damu, ukoo uleule wa "waoga". Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na la kufanya. Saa mbili asubuhi kidonge, saa mbili usiku kidonge, ile ya usiku anaimeza taarifa ya habari inapoanza redioni. Hiyo ndiyo saa yetu, bwana Natsios.

Mwisho wa 2003 waliokuwa kwenye dawa Afrika kusini mwa Sahara walikuwa kama 100,000 tu. Mwaka 2023 dunia nzima walikuwa zaidi ya milioni 30. Na mwaka 2011 utafiti uliofuatilia wanandoa na wapenzi ulionyesha kuwa mwenye virusi akianza dawa mapema, uwezekano wa kumwambukiza mwenzake unapungua kwa asilimia 96. Kwa hiyo kidonge cha shangazi kilimkinga na mwingine.

Ila dawa bure, basi halikuwa bure. Kliniki ilikuwa mjini tu, nauli kwenda na kurudi 4,000, kila mwezi. Kuna aliokuwa anakutana nao foleni ambao waliacha kuja kwa sababu hiyo.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, shangazi alinipigia: mwanangu, zitaanza kuuzwa? Nikamwambia mwaka 2023 Mfuko wa Dunia ulizipata dawa za mwaka mzima kwa chini ya dola 45. Akanyamaza, nikajua anapiga hesabu. Elfu nne mara kumi na mbili, kwa dola ya 2005, ni dola 42 na ushee.

"Kumbe ndiyo nauli yangu ya mwaka," akasema.

Nakimbia wadau, kipindi saa nane na bado sijala.