Tungo za Mashabiki na Kanuni ya Takhmisa

Tungo za mashabiki ni kazi za kubuni anazotunga msomaji au mtazamaji kwa kutumia wahusika, mahali au matukio ya kazi ya mtu mwingine, bila kutumwa wala kulipwa na mwenye kazi hiyo, akiwaandikia watu ambao tayari wanaijua asili yake. Kwa Kiingereza huitwa fanfiction, na vijana wengi wa sekondari wamelizoea jina hilo kwa sababu wamekutana na kitu chenyewe kwenye simu. Si kitu cha juzi. Mwaka 1967 mashabiki wa tamthilia ya televisheni ya Star Trek huko Marekani walitoa jarida lao wenyewe, Spockanalia. Mwaka 1998 ulifunguliwa mtandao wa FanFiction.Net, na mwaka 2009 ukafuata Archive of Our Own, hazina inayoendeshwa na mashabiki kwa michango yao, ambayo leo ina kazi zaidi ya milioni 10 na ambayo mwaka 2019 ilipewa tuzo ya Hugo. Kama aina hii iwepo au isiwepo, wanaoiandika wamekwisha kujibu. Lililobaki ni la mwalimu na la mwandishi: je, shule iipokee darasani, na mwenye kazi ya asili airuhusu? Jibu langu ni ndiyo kwa yote mawili, kwa masharti ambayo washairi wa Kiswahili waliyafuata muda mrefu kabla ya intaneti.

Tuanze na jina, maana jina likikosewa hoja nzima itaingia dosari. Shabiki ni neno la mpira na muziki. Kila mtu anamjua shabiki wa Simba, wa Yanga au wa Gor Mahia. Lakini likishakuwa kishabiki, maana inageuka: mchambuzi wa kishabiki ni yule asiyeona kosa la upande wake, na siasa za kishabiki ni za kushangilia bila kupima. Kwa hiyo hadithi ya kishabiki haifai kuwa istilahi, kwa kuwa inamhukumu mtunzi kabla hajasomwa. Bunilizi ya mashabiki ni sahihi machoni pa mtaalamu wa fasihi, ila inawaacha nje wanaoandika mashairi. Hadithi za mashabiki nayo ina mushkeli wake: yaweza kueleweka kuwa ni visa kuhusu mashabiki, habari za watu wa jukwaani. Tungo haina utata huo. Utungo waweza kuwa shairi, barua, onyesho au kisa kirefu, na anayesikia tungo za fulani hana shaka kwamba fulani ndiye aliyetunga. Nashika tungo za mashabiki kwa sababu hizo.

Istilahi hufaa pale inapotenga jambo na jirani zake, na hapa majirani ni wawili. Wa kwanza ni utohozi. Mwaka 1952 Shaaban Robert alitoa Adili na Nduguze, na anayeijua Alfu Lela Ulela hachelewi kumtambua humo Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra: mjumbe aliyetumwa kudai kodi, mwenyeji anayeamka usiku kwenda kuwachapa wanyama wawili, kisha siri kufichuka kwamba wanyama hao ni ndugu zake waliogeuzwa na jini kwa hiana yao. Katika asili ni mbwa. Kwa Shaaban Robert ni manyani. Harun Rashid amekuwa mfalme Rai, na ndugu wamepewa majina yanayotangaza tabia zao, Hasidi na Mwivu. Vivyo hivyo Mohammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale yake ilichapishwa mwaka 1960, alimpa Bwana Msa kiko na rafiki wa kufuatana naye, Najum, na msomaji wa Arthur Conan Doyle humwona Sherlock Holmes na Daktari Watson nyuma yao. Hata hivyo kazi hizi mbili si tungo za mashabiki. Asiyewahi kusikia habari za Basra anamwelewa Adili kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na asiyemjua Holmes hapungukiwi na kitu kwa Bwana Msa. Utungo wa shabiki hauwezi kujitegemea hivyo. Mtu akitunga barua ya Najum kwa Bwana Msa, miaka kadhaa baada ya upelelezi kwisha, asiyewajua wawili hao ataona barua kavu tu.

Jirani wa pili ni wizi wa maandishi, na hapa ndipo walimu wengi wanapochanganya. Anayeiba insha ya mwenzake hutaka chanzo kisijulikane. Shabiki hutaka kinyume chake, kwa sababu utamu wote wa kazi yake uko katika msomaji kukumbuka asili na kuona kilichoongezwa.

Washairi wa pwani walikuwa na utaratibu wa kuingia katika kazi ya aliyewatangulia bila kumwibia. Katika takhmisa, mtunzi huchukua mishororo miwili ya mshairi wa kabla yake, akatanguliza mitatu yake mwenyewe, ubeti ukatimia mitano; ndiyo asili ya jina, kutokana na tano ya Kiarabu. Takhmisa ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, imejengwa hivyo juu ya beti za kale zinazohusishwa na Fumo Liyongo mwenyewe. Mishororo mipya haina budi kufuata vina na mizani iliyokutwa, na maana yake iteremke hadi ikutane na ya zamani pasipo kuonekana kiungo. Hakuna awezaye kufanya hivyo bila kulielewa shairi la kwanza kuliko msomaji wa kupita. Masharti yaliyomo ni mawili: asili ionekane waziwazi, na asili ibaki nzima, isiondolewe mahali pake na kilichoongezwa. Mtunzi mpya anapewa uhuru mkubwa ndani ya masharti hayo, na heshima ya wa zamani haipungui. Ubeti wake umepata wafasiri.

Darasani jambo hili lina faida ambayo swali la kawaida la fasihi halileti. Chukua Takadini ya Ben J. Hanson, riwaya ambayo wanafunzi wengi wa sekondari nchini Tanzania wameisoma. Sekai, mke mkubwa wa Makwati, anatoroka na mtoto wake mchanga mwenye ualbino kwa sababu mila ya kijiji haimruhusu mtoto huyo kuishi. Mwalimu akisema, “Andikeni kutoroka kule kwa macho ya Makwati anayebaki,” mwanafunzi hawezi kuanza kabla hajarudi kitabuni kutafuta Makwati anajua nini na kwa wakati gani, wazee wamesema nini, wake wenza wa Sekai wanamtazamaje, kijiji kinaogopa nini. Akimfanya Makwati ahutubie haki za binadamu kwa lugha ya semina, wenzake watamuuliza maneno hayo ameyatoa wapi. Hapo darasa linajadili msimulizi, mtazamo na mandhari kwa kulazimika, kila mmoja akitetea sentensi yake kwa ushahidi wa ukurasa fulani. Swali la “Fafanua wasifu wa Makwati kwa hoja tano” hujibika kwa kukariri mwongozo, na mwanafunzi akapata alama nzuri bila kuifungua riwaya.

Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi atachanganya alichobuni na kilichomo kitabuni, kisha akaandike kwenye mtihani kuwa Makwati alilia usiku kucha. Hofu hii ni ya kweli, na dawa yake ni sharti la kwanza la takhmisa: kila utungo uambatane na ukurasa ambao mwanafunzi anaonyesha kipi alikikuta na kipi amekiongeza, na ukurasa huo nao usahihishwe. Wengine watataja uchafu ulioko mitandaoni, na hawasemi uongo. Sehemu ya tungo za mashabiki haifai kabisa kwa watoto. Lakini zoezi la darasani linahitaji kitabu na daftari, halimpeleki mtoto kwenye mtandao wowote. Na wanaodai kwamba kuazima wahusika kunaua ubunifu watazame mtihani wa insha wa Kenya, ambao kwa miaka mingi umempa mtahiniwa methali au sentensi ya kumalizia kisa chake. Kiunzi cha kuazima kimekuwamo mtihanini siku zote. Tofauti ni kwamba methali haimdai mtahiniwa kusoma kitabu.

Kwa waandishi suala ni gumu zaidi, kwa kuwa kuna jasho lao ndani yake. Mwaka 1614 mtu aliyejiita Avellaneda alitoa mwendelezo wa Don Quixote kabla Cervantes hajamaliza sehemu yake ya pili, naye Cervantes alipoitoa mwaka 1615 alimshambulia humo humo kitabuni. Mwaka 2000 Anne Rice alikataza kabisa tungo za mashabiki juu ya wahusika wake. J. K. Rowling alichukua njia nyingine: mwaka 2004 msemaji wake alieleza kwamba hana kinyongo na tungo hizo maadamu si za biashara wala za matusi. Naona Rowling alipatia, na sababu iko katika sharti la pili. Utungo usiouzwa, unaomdai msomaji aijue asili, hauwezi kuchukua nafasi ya asili, unamrudisha kwake. Fedha zinapoingia mambo hubadilika. Fifty Shades of Grey ilianza kama utungo wa shabiki wa Twilight, ikabadilishwa majina na kuuzwa kuanzia mwaka 2011. Ilipopoteza majina yale iliacha kuwa utungo wa shabiki, na ikapaswa kupimwa kwa vipimo vya kazi nyingine yoyote ya sokoni.

Mwandishi wa Kiswahili atauliza kwa nini atoe ruhusa wakati nakala haramu za vitabu vyake zinauzwa. Lakini anayemla ni mchapaji wa nakala hizo, pamoja na mwongozo unaofupisha riwaya nzima ili isinunuliwe. Kijana aliyeandika sura ya ziada ya riwaya hiyo ameinunua au ameiazima maktaba, ameisoma mara kadhaa, na anawashawishi wenzake waisome ili wamwelewe. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inampa mwandishi haki ya kutohoa kazi yake kwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo, na haki hiyo ibaki hivyo. Ninachoomba ni mistari miwili katika ukurasa wa hakimiliki, kwamba tungo za mashabiki zinaruhusiwa zikitaja kitabu na mwandishi na zisipouzwa. Na mwalimu anayengoja ruhusa hiyo anaweza kuanza na Kusadikika ya mwaka 1951, kwa sababu Shaaban Robert alifariki mwaka 1962 na kwa hesabu ya sheria hiyo muda ulikwisha na mwaka 2012. Humo Karama, mshtakiwa, anasimulia mahakamani habari za wajumbe sita. Buruhani, aliyetumwa mashariki na kuishia gerezani aliporudi, hajapewa nafasi ya kuitoa ripoti yake kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya waziri Majivuno, na mwanafunzi anaweza kumpa nafasi hiyo.