Majina Juu ya Mlango: Nyumba za Kale za Westfalen na Kumbukumbu ya Ukoo

Katika Kitabu cha Yoshua, sura ya 4, wana wa Israeli waliagizwa kusimamisha mawe 12 yaliyotolewa mtoni Yordani, ili watoto watakapouliza maana yake, wazazi wawe na la kuwajibu. Wakulima wa Westfalen, Ujerumani, waliweka kumbukumbu ya namna hiyo juu ya milango ya nyumba zao.

Westfalen si nchi ngeni kwa sharika za Kiluteri za Tanzania. Misioni ya Betheli, iliyoanza kazi Bukoba mwaka 1910, ilikuwa na makao yake Bielefeld, katika jimbo hilo. Katika vijiji vya pande hizo nyumba zilijengwa kwa fremu ya mbao nene, watu na mifugo wakikaa chini ya paa moja. Juu ya mlango mkubwa wa kupitishia magari ya mavuno, seremala alichonga katika boriti majina ya mume na mke, mwaka wa kusimamishwa nyumba, na mara nyingi neno la Maandiko. Jina la mke lilifuatwa na jina la ukoo alikozaliwa. Hivyo boriti moja yaweza kutaja koo mbili.

Hata hivyo, boriti haisemi yote. Katika sehemu hizo jina lilifuata shamba. Shamba lilirithiwa na mtoto mmoja bila kugawanywa, na mrithi alipokuwa binti, mumewe alihamia kwake akaitwa kwa jina la shamba. Mjane alipoolewa tena, mume wa pili naye alilichukua jina hilo, na watoto wao pia. Katika karne ya 19 wengi wa vijiji hivyo walihamia Marekani. Mjukuu wao anayerudi na kufuata jina peke yake, kutoka boriti hadi boriti, aweza kuwahesabu kuwa babu zake watu wasio wa damu yake. Tena, nyumba ilipobomolewa, boriti zake nzuri zilitumiwa kujengea nyingine. Hivyo mwaka uliochongwa huenda usiwe wa nyumba inayoonekana.

Kwa sababu hiyo boriti husomwa pamoja na vitabu vya kanisa, vya ubatizo, ndoa na maziko. Mara nyingi kitabu cha ndoa ndicho kinachoonyesha mume alitoka shamba gani, na hapo ukoo wake wa kuzaliwa hupatikana.

Usharika unaotimiza miaka 100 hauna boriti za namna hiyo, bali una vitabu vyake. Mna humo majina ya watoto, wazazi na wasimamizi wa ubatizo. Jina la mama likiachwa, au likiandikwa pasipo ukoo wake, nusu ya njia ya kurudi kwa wazee hufungwa. Basi vitabu hivi na vitunzwe mahali pakavu na salama, na anayeviandika amwulize kila mama alikozaliwa, ili watoto watakapouliza, wapate jibu.