Kutoka Keya hadi Lukaya: Safari ya Jenerali Musuguri

Katikati ya Dar es Salaam, pale Barabara ya Samora inapokutana na Mtaa wa Maktaba, kuna askari wa shaba aliyeelekeza singe yake bandarini. Amesimama hapo tangu 1927. Chini yake kuna maandishi ya kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa herufi za Kiarabu. Lakini jina la marehemu hata mmoja halimo. Hivyo ndivyo ukoloni ulivyomkumbuka askari wetu: alihesabiwa kundini, akazikwa kundini, akashukuriwa kundini.

Kila nipitapo hapo tangu Oktoba 2024 humkumbuka Jenerali David Bugozi Musuguri, aliyefariki mwezi huo akiwa na miaka 104. Alizaliwa Butiama Januari 1920, mwaka uleule Waingereza walipoipa nchi hii jina la Tanganyika. Ukimfuata mtu huyu mmoja, utakuwa umeifuata historia nzima ya askari wa Tanzania, tangu alipokuwa mtu wa kutumwa hadi alipokuwa mtu wa kuamua.

Jeshi alilojiunga nalo 1942 liliitwa King's African Rifles. Wazee wetu walilifupisha wakaliita Keya, na mpaka leo ukikaa na mzee wa Musoma au wa Songea atakwambia baba yake alikuwa askari wa Keya. Liliundwa 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Kenya, Uganda na Nyasaland. Katika Vita Kuu ya Pili, Tanganyika peke yake ilitoa zaidi ya watu 80,000, waliopelekwa Uhabeshi, Burma na Madagaska. Musuguri alikwenda Madagaska, kupigana na Wafaransa waliokuwa chini ya serikali ya Vichy. Kijana aliyekulia mbali na bahari alivuka maji kupigania ugomvi ambao hakuna aliyemuuliza maoni yake juu yake.

Katika Keya, Mwafrika aliweza kuwa koplo, akawa sajini, kisha akagonga dari. Amri zilitoka kwa Mzungu. Ukoloni ulipokaribia mwisho Waingereza waliongeza ngazi moja ndogo kwa ajili ya Waafrika hodari, wakaiita effendi, neno la Kituruki lililoingia jeshini pamoja na askari wa Kisudani. Sisi tumelilainisha likawa afande. Leo kuruta humwita hivyo kila aliye juu yake, wala hafikirii kwamba zamani neno hilo lilikuwa mwisho wa ndoto ya askari mweusi.

Musuguri alikuwa sajini kufikia 1947, mkufunzi katika kambi ya Kahawa karibu na Nairobi. Miongoni mwa makuruta waliopita mikononi mwake alikuwamo kijana mmoja mrefu kutoka Uganda, jina lake Idi Amin. Gwaride walilifanya uwanja mmoja, mmoja akiamrisha, mwingine akitii.

Uhuru ulipokuja 1961 jeshi lilibadilishwa jina tu, likaitwa Tanganyika Rifles, na maofisa wa Kiingereza wakabaki. Januari 1964 askari wakaasi, katika kambi ya Colito jijini Dar es Salaam kisha Tabora, wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa hao. Madai yao yalikuwa na msingi. Njia waliyoichagua nusura iiangushe nchi, na Mwalimu Nyerere akalazimika kuwaita wanajeshi wa Uingereza kuja kuwanyang'anya silaha. Ilikuwa aibu kubwa. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Mkuu wake wa kwanza, Mrisho Sarakikya, alikuwa mdogo kwa Musuguri kwa miaka 14. Musuguri akatumikia chini yake. Mimi utii huo naupa uzito sawa na ushindi wake wowote wa vitani.

Kisha ukaja Oktoba 1978. Majeshi ya Amin, sasa mtawala wa Uganda, yalivuka mpaka, yakashika ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, yakaua raia, yakaswaga ng'ombe, yakapora kiwanda cha sukari. Amin akatangaza kwamba eneo hilo ni la Uganda, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Waliokuwa na akili zao wakati huo bado wanaikumbuka sauti ya Mwalimu redioni: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Malori na mabasi ya watu yalichukuliwa kupeleka askari mbele. Mgambo waliacha majembe. Jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 likapanda likapita 100,000 katika miezi michache.

Januari 1979 vikosi vyetu viliingia Mutukula, upande wa Uganda. Hapo lazima tuseme kweli: mji ule ulisawazishwa, na raia wasio na hatia waliuawa kwa kulipiza kisasi. Mwalimu alipopata habari alikasirika, akaamuru raia wasiguswe tena. Siwezi kumsifu askari yeyote wa vita ile nikaificha Mutukula.

Mapema mwaka huo Musuguri, sasa Meja Jenerali, alikabidhiwa Divisheni ya 20 kutoka kwa Meja Jenerali Tumainiel Kiwelu. Mtihani wake mkubwa ulikuwa Lukaya. Kutoka mji huo mdogo barabara ya Kampala inakatiza kinamasi kwa kilometa kama 25. Lami inapita juu ya tuta, na kila upande ni mafunjo na maji. Kifaru hakina pa kukwepea. Jioni ya Machi 10 Brigedi ya 201, wengi wao mgambo ambao hawajawahi kuonja vita, ilipigwa ghafla na Walibya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin. Makombora mengi yalipita juu ya vichwa vyao, lakini mlio wake peke yake ulitosha. Mgambo wakavunjika, wakakimbilia njia ya Masaka, na Lukaya ikapotea.

Usiku huo ndio uliopima makamanda. Ilibidi waliokimbia wakusanywe gizani, warudishwe mstarini. Wakati huohuo Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa, iliyokuwa mbali upande wa kaskazini-magharibi, iliagizwa kuzunguka na kutokea nyuma ya adui kwenye barabara ya Kampala. Alfajiri ya Machi 11 Walibya na Waganda wakajikuta katikati ya moto wa pande mbili, na kinamasi walichodhani kitawalinda kikawa ndicho kimewafungia. Mamia yao walikufa. Baada ya Lukaya jeshi la Amin halikupigana tena kama jeshi.

Entebbe ilianguka Aprili 7, Kampala Aprili 11. Barabara ya kwenda Jinja iliachwa wazi kwa makusudi, ili Walibya waliobaki wapate pa kutokea. Yule kuruta wa Kahawa alikuwa ameshakimbia.

Mwaka 1980 Musuguri akawa Mkuu wa Majeshi, akiwa na miaka 60, umri ambao wenzake wengi walikuwa wamekwisha kurudi shambani. Alishika wadhifa huo hadi 1988, na katika miaka yake ya mwisho Tanzania ilipeleka askari Msumbiji kusaidia kupambana na waasi wa Renamo. Akastaafu, akarudi Butiama.

Lakini mamia ya waliopigana vita ile hawakurudi makwao. Wengi wamelala Kaboya, wilayani Muleba, katika mkoa uleule walioukomboa. Mwalimu alizikwa Butiama mwaka 1999. Miaka 25 baadaye gwaride likafika tena huko, safari hii kumzika yule mzee wa Keya. Mizinga ikapigwa, nao walioisindikiza maiti yake, kuanzia jenerali hadi kuruta, walikuwa ni Watanzania watupu.