Amana au Leseni? Mizozo ya Kisheria kuhusu Ugawaji wa Uvuvi katika Maziwa ya Uganda

Ibara ya 237 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaka serikali kuu au serikali ya mitaa kuyashikilia maziwa ya asili kwa niaba ya wananchi na kuyalinda kwa manufaa ya raia wote. Ibara hiyo inataja maziwa, mito, ardhioevu na hifadhi za misitu, samaki hawatajwi. Makala hii inadai kwamba mizozo ya uvuvi nchini Uganda imeota ndani ya pengo hilo. Maji ni ya umma, lakini kuingia majini kuvua kunategemea karatasi itolewayo na ofisa, naye aweza kuifuta.

Pengo hilo lina umri mkubwa kuliko Katiba yenyewe. Katika Buganda ya kabla ya ukoloni, mitumbwi ya Ziwa Nyanza ilikuwa chini ya Gabunga, mkuu wa ukoo wa Mamba, na visiwa vya Ssese vilikuwa na wenyewe kwa mujibu wa mila. Mkataba wa 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba baina ya Kabaka, machifu na serikali ya Kiingereza. Kisha ukaja ugonjwa wa malale. Gavana Hesketh Bell aliamuru watu wahamishwe kutoka mwambao wa ziwa kuanzia mwishoni mwa 1906, na mwaka 1909 wakazi wa Ssese nao wakaondolewa. Walipoanza kuruhusiwa kurudi mnamo 1920, mamlaka ya kimila yalikuwa yamekatika kwa zaidi ya mwongo mmoja, na nyavu za makila zilizoingia ziwani mwaka 1905 zilikwisha kuugeuza uvuvi. Tukio hili lastahili uzito mkubwa kuliko ule ambao wanasheria hulipa. Leseni haikuishinda haki ya kimila mahakamani. Ilikuta mwenye haki hayupo nyumbani.

Hata utafiti wa kisayansi ulilipita swali la mwenye haki. Michael Graham, aliyelichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, alipendekeza tundu la wavu lisipungue inchi 5. Tangu hapo mjadala wa serikali ukawa wa vipimo: wavu gani, samaki wa urefu gani, chombo cha ukubwa gani. Sheria ya Samaki ya 1951 iliurithi mtazamo huo.

Ziwa George ndilo linaloonyesha vizuri zaidi kilichofuata. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ilianzisha shirika la TUFMAC, lenye kiwanda Kasenyi, likapewa ukiritimba wa kununua samaki wa ziwa hilo. Mwaka 1952 hifadhi ya taifa ikatangazwa, na vijiji vya wavuvi vikabaki kama visiwa ndani yake, huku idadi ya mitumbwi yenye leseni kwa kila mwalo ikiwekewa kikomo. Kikomo hicho kilikuwa na hoja ya kiikolojia. Hata hivyo, pale leseni zinapokuwa chache, anayezigawa hugawa riziki, na asiyepata hana mlango wa mahakama wa kubisha, kwa kuwa kisheria hakunyang'anywa kitu alichokuwa nacho.

Sheria ya Ardhi ya 1998 ilijaribu kuiwekea amana hiyo mipaka. Inaikataza serikali kukodisha au kuhamisha maliasili inazozishikilia kwa niaba ya umma, kisha hapo hapo inairuhusu kutoa vibali na leseni. Nguvu ya katazo hilo ilipimwa msituni. Katika kesi ya ACODE dhidi ya Mwanasheria Mkuu, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 2005, Jaji Rubby Aweri Opio aliona kuwa serikali ilikiuka amana ya umma kwa kuipa Kakira Sugar Works kibali katika Hifadhi ya Msitu ya Butamira. Kwa maneno mengine, kibali nacho chaweza kuwa uvunjaji wa amana. Sioni sababu ya kisheria ya hoja hiyo kuishia ukingoni mwa maji.

Haja ya kuivusha ni kubwa. Vikundi vya usimamizi wa mialo, vilivyoundwa kwa kanuni za 2003, vilisimamishwa kwa agizo la Rais mwaka 2015, na kuanzia 2017 wanajeshi wakapelekwa ziwani. Mitumbwi iliyopungua futi 28 iliharibiwa. Sharti hilo huitwa la uhifadhi na usalama, lakini chombo kirefu kinadai mbao, mashine na mtaji. Kwa hiyo futi 28 ni ugawaji wa haki ya kuvua uliovikwa vazi la kipimo. Nchini Kenya, katika kesi ya bandari ya Lamu ya mwaka 2018, Mahakama Kuu ilizitambua haki za kijadi za wavuvi na kuwapa takriban wavuvi 4,600 fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 1.7. Huko mvuvi alisimama kama mwenye haki, si mwombaji.

Kwa kuwa Kiswahili kimo katika Katiba ya Uganda kama lugha rasmi ya pili tangu 2005, sheria hizi zitahitaji kuandikwa upya kwa lugha hii. Neno litakaloelekea kuchaguliwa kwa Ibara ya 237 ni *dhamana*, ambalo kwa msikilizaji wa kawaida ni la polisi na benki, na linampa mshikaji madaraka. *Amana* ni kitu cha mtu kilichowekwa kwa mwingine, na mwenyewe anaweza kukidai. Wafasiri wachague la pili, na washauri wa sera wadai lirudiwe katika kila kanuni ya leseni ya uvuvi.