Waliohesabu magari ya Iomega

Wasomaji wangu, leo tuache kidogo mambo ya programu na seva. Juzi nilikuwa nikisafisha droo ya meza yangu, nikakuta diski moja ya buluu iliyoiva, pana kama kiganja, nene kuliko flopi. Imeandikwa Zip 100. Nikamwonyesha kijana mmoja ninayefanya naye kazi, akaigeuzageuza kisha akaniuliza inaingia wapi. Nikacheka, lakini baadaye nikakaa nikaifikiria ile diski, kwa sababu nyuma yake kuna kisa ambacho kila mtu wa kompyuta anayewaza kununua hisa anapaswa kukijua.

Kwa wale waliozaliwa juzi, nieleze kwanza kitu chenyewe. Miaka ya kati ya 1990 tulikuwa tukibeba kazi zetu kwenye flopi, na flopi moja ilibeba megabaiti 1.44 tu. Ukiwa na picha kubwa ya kupeleka kwa mchapishaji hapa Nairobi, ulikwenda na flopi kumi, na ya saba ikikataa kusomeka unarudi nyumbani kuanza upya. Diski ya Zip ilibeba megabaiti 100, yaani kama flopi sabini hivi kwenye kipande kimoja kinachoingia mfukoni. Aliyekuwa na mashine ya Zip alikuwa bwana mkubwa. Siku ya kwanza nilipoiona ikifanya kazi nilijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba hii kitu itauzika.

Huko Marekani kulikuwa na watu waliojua vivyo hivyo, ila wao walikwenda hatua moja mbele: wakanunua hisa za kampuni yenyewe.

Kampuni hiyo iliitwa Iomega. Ilianzishwa mwaka 1980 katika mji mdogo wa Roy, jimbo la Utah, mbali kabisa na California ambako wakubwa wa kompyuta walikuwa wamekusanyika. Kwa miaka mingi ilitengeneza diski za kutoa na kuingiza zilizoitwa Bernoulli, kitu kizuri lakini cha bei ghali, kilichonunuliwa na maofisi. Mwaka 1993 kampuni ilipata hasara. Januari 1994 akaingia mkurugenzi mpya, Kim Edwards, na chini yake ikatoka Zip. Ilianza kuuzwa mwaka 1995, mashine kwa dola 199 na diski moja kwa karibu dola 20. Faida hasa ilitegemewa kwenye diski: ukishanunua mashine, utarudi dukani kununua diski tena na tena, kama mtu mwenye wembe anavyorudi kununua nyembe.

Sasa hapo ndipo wanaingia watu wadogo. Zamani, Mmarekani wa kawaida mwenye akiba kidogo alikuwa na gazeti, ripoti ya mwaka ya kampuni, na dalali wake wa hisa, ambaye alilipwa kila mteja anaponunua au kuuza. Habari za ndani zilizunguka New York kwa wakubwa. Mwaka 1994 ndugu wawili, David na Tom Gardner, wakaanza kukutanisha watu kupitia huduma ya America Online kwa jina la The Motley Fool. Jina hilo linatokana na mchekeshaji wa kwenye tamthilia ya Shakespeare. Walichotaka kusema ni kwamba katika jumba la mfalme, mchekeshaji ndiye pekee aliyeweza kusema ukweli bila kukatwa kichwa.

Na hawa ndugu hawakuwa wajinga. Tarehe 1 Aprili 1994, Siku ya Wajinga, walivumisha hisa za kampuni ambayo haikuwapo kabisa, eti ya mambo ya maji taka, ili kuwaonyesha watu jinsi hisa za bei rahisi zinavyopigiwa debe mpaka watu wazima wanatoa pesa. Likumbuke hili, tutalirudia.

Mwaka 1995 wakanunua Iomega kwa pesa zao wenyewe, mbele ya macho ya wote, na watu wakaanza kumiminika kuijadili. Hawa hawakuwa watu wa kubahatisha tu. Kulikuwa na wahandisi walioifungua mashine na kueleza vipuri vyake. Kulikuwa na watu waliozunguka maduka ya kompyuta kuona kama Zip zipo au zimekwisha, na wakiambiwa zimekwisha wanafurahi. Na kulikuwa na wale ninaowapenda zaidi: waliokaa karibu na Roy walipita kiwandani wikendi wakahesabu magari ya wafanyakazi yaliyoegeshwa nje. Fikiria tu. Utah ni nchi ya Wamormoni, watu wasiofanya mzaha na Jumapili. Ukikuta magari yamejaa wikendi, maana yake kiwanda kinafanya kazi ya ziada, na kiwanda hakifanyi kazi ya ziada kama hakuna wanunuzi. Jioni mtu anarudi nyumbani, anawaeleza wenzake hesabu yake, na mtu aliye Florida au Chicago anaijua hali ya kiwanda kabla ya wataalamu wenye tai huko New York.

Na walikuwa sahihi! Hilo ndilo linalonifanya nikiandike kisa hiki. Mauzo ya Iomega mwaka 1994 yalikuwa kama dola milioni 141. Mwaka 1995 yakafika milioni 326. Mwaka 1996 yakavuka bilioni 1.2. Mshindani wao SyQuest alitoa diski yake ya megabaiti 135, kubwa kuliko Zip, lakini hakuweza kushindana naye, na mwaka 1998 akafilisika. Wale waliohesabu magari waliyaona haya yote yakija.

Bei ya hisa nayo ikapanda kama moshi. Mwanzoni mwa 1996 kampuni iligawanya kila hisa moja kuwa tatu, na Mei ikagawanya tena kila moja kuwa mbili, na bado bei ikazidi kupanda. Aliyeingia katikati ya 1995 alikuwa amezidisha pesa zake zaidi ya mara kumi katika mwaka mmoja.

Kulikuwa na wakubwa waliodhani bei imepita kiasi, nao wakauza hisa za kukopa. Kwa asiyejua mchezo huo, ni hivi: unakopa gunia la mahindi kwa jirani, unaliuza leo bei ikiwa juu, ukitumaini wiki ijayo bei itashuka ununue jingine umrudishie, na tofauti uweke mfukoni. Bei ikipanda badala ya kushuka, umekwisha. Lazima ununue kwa bei yoyote urudishe deni, na kununua kwako kunazidi kuipandisha bei. Watu wadogo waliujua mchezo huu, na kuwaona wakubwa wakiungua kulikuwa sehemu ya utamu. Ndiyo mambo yale yale dunia iliyoyaona tena Januari 2021 kwenye hisa za GameStop, watu wakadhani ni kitu kipya.

Lakini utamu ulikuja na ugonjwa wake. Kadiri bei ilivyopanda, mazungumzo yakabadilika. Mtu akiuliza, 'Jamani, Zip ni nzuri, lakini kwa bei hii?' mara nyingi hakujibiwa kwa hesabu. Alijibiwa kwamba yeye ni mmoja wa wale wenye deni la hisa, ametumwa kuwatisha watu. Wale walioanza kwa kuhesabu magari sasa walikuwa wakihesabu maadui. Na ndugu waliotunga kampuni ya maji taka kuwafundisha watu habari za kupiga debe, wakajikuta katikati ya ngoma kubwa kuliko zote, safari hii kwa kampuni ya kweli yenye kiwanda cha kweli. Nadhani ndiyo maana ilikuwa vigumu kuisikia hatari. Uongo una dalili zake, lakini hapa kila walichosemezana kuhusu kiwanda kilikuwa kweli.

Wiki ya nne ya Mei 1996 hisa moja ilivuka dola 50. Kwa bei hiyo kampuni nzima ilihesabiwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 5. Faida yake ya mwaka mzima wa 1996 ilikuja kuwa kama dola milioni 57. Gawanya mwenyewe: mnunuzi wa Mei alilipa zaidi ya mara themanini ya faida ya mwaka. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Bei ikaanza kuporomoka, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penye kiini. Baada ya bei kuporomoka, biashara haikuporomoka. Mwaka 1997 Iomega iliuza bidhaa za dola bilioni 1.7 na kupata faida ya zaidi ya milioni 110, mwaka wake mzuri kupita yote iliyokuwa imepata kabla. Magari pale Roy bado yalikuwepo. Hata hivyo hisa haikurudi tena kwenye bei ya Mei 1996. Kila kitu kizuri ambacho kampuni ingekuja kufanya kilikuwa kimeshalipiwa mapema, pamoja na vingine ambavyo haikuja kuvifanya kamwe.

Halafu vikaja vya kuvunja moyo. Mashine nyingine za Zip zilianza kutoa mlio, tik tik tik, na baada ya mlio huo diski haisomeki. Watumiaji waliuita mlio wa kifo, na mwaka 1998 kampuni ikashtakiwa mahakamani. Mwaka huo huo ikaingia hasara na Edwards akaondoka. CD za kuandika zikashuka bei hadi ikawa unaweza kumpa mtu bila kudai urudishiwe, na kuanzia mwaka 2000 zikaja flashi za USB. Mwaka 2008 kampuni ya EMC ikainunua Iomega nzima kwa kama dola milioni 213.

Mimi napenda hesabu, kwa hiyo nilikaa nikaifanya. Chukua mtu aliyenunua hisa 10 wakati wa ule mpando wa Mei 1996 kwa dola 50, yaani dola 500. Desemba 1997 hisa ziligawanywa tena, akawa na 20. Mwaka 2001 kampuni ikafanya kinyume, ikaunganisha kila tano kuwa moja, akabaki na 4. Mwaka 2003 ikatoa gawio maalumu la dola 5 kwa hisa, akapata dola 20. Mwaka 2008 EMC ikalipa dola 3.85 kwa hisa, akapata dola 15.40. Jumla dola 35.40 baada ya miaka kumi na miwili. Huyu hakudanganywa na mtu. Alinunua hisa za kampuni ya kweli, yenye bidhaa nzuri, iliyokuwa ikielekea kwenye mwaka wake bora.

Kwa nini nawasumbua na habari za Utah? Kwa sababu nami nimewahi kuwa mtu wa Mei. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua hisa za kampuni moja ya teknolojia, siitaji jina, kwa kuwa nilikuwa nikitumia mifumo yake kila siku na nilijua ni mizuri. Mke wangu aliniuliza swali moja tu: 'Na wengine hawajui?' Nikamweleza habari za kiufundi kwa nusu saa nzima. Sikumjibu, kwa sababu sikuwa na jibu. Sehemu ya pesa hizo ilikuwa ya karo, na ilipofika Januari ndipo nilipoelewa kwamba lile swali lake lilikuwa uchambuzi mzuri kuliko wangu wote. Ile mifumo, kwa taarifa yenu, bado inafanya kazi vizuri sana.

Sisi watu wa kompyuta ndio tunaokamatwa kirahisi na mtego huu. Tunakiona kitu kipya kabla ya wengine, tunajua kinafanyaje kazi, na ujuzi huo ni wa kweli. Tunasahau kwamba siku tunapoingia sokoni hatununui kitu, tunanunua matumaini ambayo wengine wameshayapandisha bei. Kuhesabu magari kunakuambia kiwanda kina kazi. Hakukuambii umeuziwa hicho kiwanda kwa kiasi gani.

Sisemi wale watu wa Roy walipoteza muda wao. Nawaheshimu. Walikataa kumeza walichoambiwa na madalali, wakaenda wenyewe kuangalia, kisha wakawagawia wenzao walichokiona bure. Waliotoka mapema walijenga nyumba zao, na haki yao. Ila mtu anayehesabu magari na akubali pia kuhesabiwa bei, na akija mwenzake kuuliza 'kwa bei hii?' asimfukuze, amvutie kiti.

Ile diski nimeirudisha kwenye droo. Sina mashine ya kuisomea, na sikumbuki niliandika nini ndani yake. Kama kuna mmoja wenu bado ana mashine ya Zip inayofanya kazi, anijulishe. Na kama nawe umewahi kuwa mtu wa Mei, karibu utusimulie. Hapa hachekwi mtu.